Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na Mihadhara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ambayo wanafunzi wa shahada ya kwanza huyarudia kila chuo kinapofunguliwa, na huyarudia tena kwa sauti ya chini zaidi testi ya pili inapokaribia. Majibu yamezingatia vyuo vikuu vya Tanzania, hasa mazingira ya Mlimani, Dar es Salaam, lakini sehemu kubwa inamfaa pia anayesoma Dodoma, Morogoro, Nairobi au Kampala. Pale ambapo kanuni hutofautiana kati ya chuo na chuo, kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako ndicho chenye kauli ya mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Mhadhara una tofauti gani na kipindi cha kidato cha sita?

Mwalimu wa sekondari hufundisha mpaka mada iishe, hukagua madaftari, na humwita aliyesinzia kwa jina. Mhadhiri hufungua mada kwa saa moja au mbili mbele ya watu hamsini, mia tatu au zaidi, kisha huondoka akiwa amewaachia kazi ya kuimaliza. Hakuna atakayekuuliza kama umeelewa. Kwa sababu hiyo mwanafunzi aliyezoea kufundishwa hadi mwisho hutoka ukumbini akidhani amesoma, kumbe ameonyeshwa tu mahali pa kusoma.

Inafaa pia kukumbuka kwamba maneno mhadhara, mhadhiri, hadhira, hudhuria na mahudhurio yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo. Kwa Kiswahili, basi, mhadhara usiohudhuriwa ni maneno yanayopingana yenyewe.

2. Je, ni lazima nihudhurie?

Swali hili lina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni la kanuni, nalo limejibiwa katika swali la 5: vyuo vingi vya kwetu vinadai kiwango fulani cha mahudhurio kabla ya kumruhusu mwanafunzi kufanya mtihani, hata kama usimamizi wa kanuni hiyo ni mkali katika idara moja na legelege katika nyingine.

La pili ni la faida. Jibu la ukurasa huu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ahudhurie mihadhara yote, bila kuchagua, kwa sababu bado hajui kuchagua. Hajajua mhadhiri yupi huongeza mambo nje ya slaidi, kozi ipi inaweza kusomwa kitabuni bila msaada, wala yeye mwenyewe hujifunza vipi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekwisha kuyajua hayo anaweza kukosa kipindi kwa hesabu. Wa mwaka wa kwanza hukosa kwa bahati nasibu.

3. Mihadhara ina uzito gani katika kozi nzima?

Mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huhesabu krediti moja kuwa sawa na saa 10 za kujifunza, za aina zote. Kozi ya krediti 12, kwa hiyo, ni kazi ya saa 120. Chukua kozi yenye mhadhara wa saa mbili kila wiki na semina ya saa moja, kwa wiki 15: mihadhara ni saa 30, semina ni saa 15, na saa 75 zilizobaki ni zako, za maktabani, kwenye vimbweta (meza na viti vya nje vya kujisomea) na chumbani.

Hesabu hii huwashangaza watu wa pande zote mbili. Anayetoroka mihadhara huishika na kusema kwamba amekosa robo tu. Ni kweli, lakini ni robo inayomwelekeza mtu namna ya kuzitumia saa 75 zilizobaki. Bila hiyo, mtu hujifungia na sura tano za kitabu ilhali mbili tu ndizo zilizohusika. Naye anayehudhuria kila kipindi bila kufungua kitabu jioni amekamilisha robo hiyo hiyo moja, halafu hulalamika kwamba alihudhuria vyote na bado akapata sapu, yaani mtihani wa marudio.

4. Kuna utafiti wowote, au ni maneno ya wahadhiri tu?

Upo. Uchambuzi wa Marcus Credé na wenzake wawili, uliochapishwa Marekani mwaka 2010 kwa kuunganisha tafiti nyingi, ulionyesha kwamba mahudhurio huashiria alama za mwanafunzi wa chuo kikuu vizuri zaidi kuliko ufaulu wake wa sekondari, kuliko mtihani wa kujiunga na chuo, na hata kuliko mazoea yake ya kujisomea. Hilo ni jambo zito kwa aliyeingia chuoni na divisheni wani akidhani itamvusha yenyewe.

Hata hivyo, kuashiria si kusababisha. Huenda anayehudhuria ni yule yule mwenye bidii ambaye angefaulu hata hivyo. Nchini Uholanzi, wanafunzi wa uchumi ambao wastani wao wa mwaka wa kwanza ulikuwa chini ya 7 kati ya 10 waliwahi kulazimishwa kuhudhuria vipindi vya vikundi, na walipolinganishwa na wenzao waliokuwa juu kidogo tu ya mpaka huo, alama zao hazikupanda, zilishuka. Kumsukuma mtu aingie ukumbini hakumfanyi asome, na muda aliosukumwa nao ameutoa kwenye kitu kingine. Ndiyo maana majibu mengi yanayofuata hayahusu kuwapo tu, bali kinachofanyika kabla na baada ya kuwapo.

## Kanuni, alama na karatasi ya mahudhurio

5. Asilimia 75 inahesabiwaje?

Kiwango kinachotajwa sana ni asilimia 75, ingawa kuna vyuo vinavyotumia theluthi mbili, na mafunzo ya wodini au maabara huwa na masharti makali zaidi. Kama kozi ina vipindi 15 vya saa mbili, unaweza kukosa vitatu, kwa kuwa 12 kati ya 15 ni asilimia 80. Ukikosa cha nne umebaki na 11, yaani asilimia 73, na umeshavuka mpaka. Wengi hupiga hesabu hii wiki ya kumi na mbili wakati wangeipiga wiki ya kwanza. Tena hutumia nafasi zote tatu kwa uvivu, kisha malaria huja ikakuta akiba imekwisha.

6. Mwenzangu anaweza kunisainia?

Hapana. Ni udanganyifu, na katika vyuo vingi ni kosa la kinidhamu kwa wote wawili. Kuna jambo jingine ambalo husahaulika: karatasi inayoonyesha majina 180 katika ukumbi wenye watu 90 humfanya mhadhiri aanze kutoa majaribio ya kushtukiza, na hayo huwaumiza hata waliokuwa wakihudhuria.

7. Mahudhurio yana alama?

Kwa kawaida hayana alama zake peke yake, lakini huingia kwa mlango wa nyuma. Mgawanyo uliozoeleka ni alama 40 za testi, kazi za nyumbani na semina, na alama 60 za mtihani wa mwisho wa semista. Alama ya kufaulu ni 40 kati ya 100. Mwanafunzi aliyekosa mihadhara hukosa pia tangazo la testi, hukosa kikundi cha kuwasilisha, na huijibu testi ya kwanza kwa kubahatisha. Tuseme ameingia kwenye mtihani akiwa na 12 kati ya 40. Ili afikie 40 anahitaji 28 kati ya 60, karibu asilimia 47 ya mtihani. Mwenzake mwenye 28 anahitaji 12 tu, yaani asilimia 20, ingawa baadhi ya vyuo huweka pia kiwango cha chini cha mtihani wenyewe. Wote wawili wanakaa katika chumba kimoja wakijibu karatasi moja, lakini mmoja anafanya mtihani mgumu zaidi ya mara mbili.

Sapu nayo si wokovu kama inavyozungumzwa mabwenini. Likizo huliwa na maandalizi yake, na katika vyuo vingi hata ukijibu vizuri kiasi gani hupandi juu ya C.

8. Nikikosa mihadhara nitakosa bumu?

Si moja kwa moja. Fedha za Bodi ya Mikopo hufuata usajili na maendeleo ya masomo. Hazifuati karatasi ya mahudhurio. Lakini anayezuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya mahudhurio, akafeli na hatimaye akadisko, yaani akaondolewa chuoni, huikosa kwa njia ndefu.

## Slaidi, hendauti na rekodi

9. Slaidi zote hutumwa kwenye gurupu la darasa. Kwa nini nipoteze saa mbili?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Slaidi ni mifupa. Mhadhiri huandika maneno sita, kisha huyazungumza kwa dakika kumi, na mtihani hutoka katika zile dakika kumi. Anayepokea slaidi peke yake huona vichwa vya habari vinne, hudhani vina uzito sawa, na huvikariri vyote kwa usawa. Aliyekuwa ukumbini alisikia kwamba cha kwanza kilipitwa kwa sentensi moja, cha tatu kilirudiwa mara mbili kwa mifano, na cha nne kiliambatana na ile kauli maarufu, "Hapa watu huwa wanakosea." Hakuna slaidi inayobeba kauli hiyo.

Pili, mhadhara hukupa mwendo. Kozi iliyogawanywa katika wiki 15 huwa na hatua 15 ndogo. Kozi iliyohifadhiwa kwenye simu huwa na hatua moja kubwa, usiku wa kuamkia mtihani. Mwanafunzi anayesema atasoma slaidi mwenyewe mara nyingi hasemi uongo. Ana nia kweli. Tatizo ni kwamba slaidi za wiki ya tatu hazina saa wala mahali, na jambo lisilo na saa wala mahali hushindwa na kila lenye navyo.

Tatu, kuna lugha, ambayo imeelezwa katika swali la 14.

Kwa haki, wapo wahadhiri wachache ambao slaidi zao ni kitabu kamili, aya kwa aya, na ambao hawaongezi lolote wanapozungumza. Kama umehudhuria vipindi vinne au vitano na kuthibitisha hivyo kwa masikio yako, soma swali la 12.

10. Na hendauti (maelezo ya kozi yaliyochapwa) za stationari pamoja na mitihani iliyopita?

Zinunue, ni za bei nafuu, lakini zitumie kwa kazi yake. Mtihani uliopita ni kipimo kizuri sana ukiujibu kitabu kikiwa kimefungwa, kisha ukajisahihisha, kwa sababu kulivuta jambo kutoka kichwani hulikaza kuliko kulisoma tena. Kukariri majibu ya mtu mwingine ya mwaka 2019 ni jambo tofauti. Hendauti, nayo, angalia iliandikwa na nani na lini: nyingi ni nakala ya nakala, na kosa la mwandishi wa kwanza limerithiwa na vizazi vitatu vya wanafunzi.

11. Wa Chuo Kikuu Huria hawahudhurii kila siku, mbona wanahitimu?

Ni kweli. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewahitimisha watu wengi wanaosoma mbali na ukumbi wa mihadhara. Lakini mfumo wake umejengwa hivyo tangu mwanzo: kuna vifaa vya kusomea vilivyokusudiwa mtu asiye na mhadhiri mbele yake, vituo vya mikoani na vipindi vya ana kwa ana. Mwanafunzi wa chuo cha kawaida anayetoroka hapati kimojawapo cha hivyo. Amejitoa katika mfumo mmoja bila kuingia katika mwingine.

Tulilionja hilo mwaka 2020, vyuo vilipofungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni. Slaidi zilikuwapo simuni muda wote huo. Waliorudi wakiwa wamezisoma hawakuwa wengi, na wala hawakuwa wavivu wote.

## Ndani ya ukumbi

12. Mhadhiri anasoma slaidi neno kwa neno. Bado niende?

Malalamiko haya mara nyingi ni ya haki. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta kwamba wanafunzi wanaosikiliza tu mhadhara wana uwezekano wa kufeli ulio mara moja na nusu ya ule wa wale wanaoshirikishwa kwa maswali na kazi za papo kwa papo. Mhadhara wa mtu mmoja kusema na mia tatu kunyamaza si njia bora ya kufundisha, na anayesema hivyo hamtukani mhadhiri.

Tatizo ni dawa ambayo wanafunzi huichagua. Kama kusikiliza kimya ni dhaifu, kubaki bwenini ni dhaifu zaidi. Kinachosaidia ni kujishirikisha mwenyewe hata kama hujashirikishwa: pitia slaidi usiku wa kabla kwa dakika 20, andika maswali mawili ambayo hukuyapatia jibu, kisha nenda ukayatafutie jibu hayo mawili tu. Kipindi kibovu chenye maswali mawili mkononi huvumilika. Usipolisikia jibu, uliza mwishoni au lipeleke semina.

Ikiwa baada ya juhudi hizo kipindi bado hakikupi kitu, na kanuni ya mahudhurio inaruhusu, unaweza kukikosa kwa sharti moja: saa zile zile mbili uwe maktabani na mada ile ile. Jipime kwa wiki mbili. Ukikuta saa hizo zimeishia kwenye chai na mazungumzo, rudi ukumbini bila kujidanganya.

13. Ukumbi umejaa na nyuma hakusikiki.

Fika robo saa mapema. Katika kozi za lazima za watu wengi, kama Taaluma za Maendeleo, hili ndilo suluhisho pekee la uhakika. Kama kipaza sauti ni kibovu kila wiki, kiongozi wa darasa apeleke taarifa ofisini. Kunung'unika kwenye gurupu hakujawahi kutengeneza kipaza sauti.

14. Kiingereza cha mhadhiri kinanipita. Si afadhali nisome taratibu mwenyewe?

Wengi wanaona aibu kuliuliza swali hili, na kwa hiyo huliuliza kwa siri. Kidato cha sita kilisomwa kwa Kiingereza, ndiyo, lakini kusoma Kiingereza cha kitabu na kukifuata kikizungumzwa kwa kasi ni ujuzi wa aina mbili. Ajabu ni kwamba tatizo hili ni sababu ya kwenda. Kitabu na slaidi ni Kiingereza kitupu, ilhali mhadhiri anapoona nyuso zimeganda hugeukia Kiswahili, hutoa mfano wa daladala au wa bei ya nyanya sokoni, na mada hufunguka. Ufafanuzi huo haumo kwenye maandishi yoyote. Aliyekosa kipindi amebaki na sehemu ngumu na amekosa sehemu nyepesi.

Andika istilahi kwa Kiingereza, maana mtihani utazidai, na maelezo yake kwa lugha yoyote inayokuingia. Daftari mchanganyiko si dhambi.

15. Niandike kwa mkono au kwa kompyuta?

Tafiti hazijakubaliana. Lililo wazi zaidi ni kwamba anayenakili kila neno hasikilizi, awe na kalamu au kompyuta. Kupiga picha slaidi na kuendelea kuchezea simu si kuandika.

16. Naogopa kuuliza mbele ya watu.

Hujalazimika. Semina zipo kwa ajili hiyo hasa: watu wachache, mhadhiri msaidizi ambaye juzi tu naye alikuwa mwanafunzi, na nafasi ya kukosea bila kuchekwa na ukumbi mzima. Kwa miaka niliyoendesha semina, maswali mazuri yaliletwa mlangoni na mwanafunzi mmoja mmoja, wenzake wakiwa wameshatoka. Ukilazimika kukosa kimoja wiki hii, kosa mhadhara kuliko semina.

## Hali za pekee

17. Nakaa mbali, na kipindi ni saa moja asubuhi.

Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto huamka saa kumi usiku, na hapaswi kuhubiriwa kuhusu nidhamu na mtu anayelala bwenini. Panga na mwenzako mmoja unayemwamini: siku utakayokwama kwenye foleni, yeye aandike kwa ajili ya wawili, nawe umlipe siku nyingine. Kisha kutaneni siku hiyo hiyo akueleze kwa mdomo. Kupokea picha ya daftari bila maelezo kunakurudisha kwenye tatizo la swali la 9.

18. Nafanya kazi ili nijilipie ada.

Kwako swali la kuhudhuria si la uvivu. Ulizia kwanza kama kozi ile ile ina mkondo wa jioni, na mwambie mhadhiri hali yako mwanzoni mwa semista, kabla hujakosa kipindi. Wengi husikiliza aliyekuja mapema na hupuuza aliyekuja baada ya testi. Kama ratiba ya kazi inagongana na zaidi ya robo ya vipindi, kupunguza idadi ya kozi za hiari au kuahirisha mwaka kwa utaratibu ni nafuu kuliko kubeba sapu tano.

19. Nimeugua, nimefiwa, au nakaribia kujifungua.

Toa taarifa kwa maandishi kupitia idara au mshauri wa wanafunzi, ukiambatisha cheti cha hospitali au uthibitisho mwingine, na ubaki na nakala. Ujumbe wa simu kwa kiongozi wa darasa si taarifa rasmi.

20. Mhadhiri ndiye asiyehudhuria.

Hutokea. Kiongozi wa darasa aandike tarehe za vipindi vilivyokosekana na kuomba fidia, kwanza kwa mhadhiri mwenyewe, kisha kwa mkuu wa idara. Orodha yenye tarehe hujibiwa haraka kuliko malalamiko ya jumla. Mada ambazo hazikufundishwa msizihesabu kuwa zimefutwa mpaka mhadhiri au idara itamke hivyo.

21. Nimekosa wiki tano. Naona aibu kurudi.

Rudi kipindi kijacho, hata kama hutaelewa kitu. Mhadhiri mwenye watu mia tatu hakukuhesabu, na wenzako wana mambo yao. Usisubiri kwanza umalize wiki tano zilizopita ndipo urudi, kwa sababu wakati unazifukuza hizo, ya sita na ya saba nazo zinapita. Fuata kozi ilipo leo, kisha kila jioni rudisha mada moja ya nyuma kwa msaada wa mwenzako, ukianza na zile ambazo testi imezitaja. Angalia pia hesabu ya swali la 5: kama umeshavuka mpaka, nenda ofisi ya idara wiki hii hii ukaulize nafasi iliyobaki.